Diski Inayolia Inadai Umeme

Swali: Hapa Musumba boksi letu la TV linasoma fleshi kupitia habu ya USB, lakini diski ya nje inalia tiki-tiki na haionekani. Je, haviendani?

Jibu: Ndugu msomaji, kabla ya kulaumu chapa, angalia umeme. Mlango wa USB 2.0 huahidi miliampea 500 tu, na habu isiyo na adapta yake huzigawa kwa vyote vilivyochomekwa. Fleshi hutosheka na kidogo. Diski ya inchi 2.5 ina mota, na inapoanza kuzunguka huweza kutaka karibu ampea 1. Ikikosa hujaribu tena na tena, ndiyo sauti hiyo. Utasema kwenye kompyuta inafanya kazi. Vizuri sana, basi diski ni nzima: huenda kompyuta ina mlango wa USB 3.0, unaoruhusu miliampea 900. Mtu akienda Kolwezi, mwagize habu yenye adapta ya volti 5 na ampea 2 au zaidi. Ikizunguka vizuri na bado haionekani, hapo shuku fomati, kwani si kila boksi linasoma NTFS au exFAT. Ukitaka kuifomati upya, nakili faili zako kwingine kwanza. Kufomati hufuta kila kitu.