UNGA NA AROSTO: SOMO KWA WAZAZI



Mara nyingi wazazi wametuuliza hivi: "Kijana akifungiwa ndani mwezi mzima asiuone unga, si atakuwa amepona?" Kabla ya kujibu, yafaa tujue unga wenyewe ni kitu gani.

Unga wanaousema vijana ni heroini. Hutokana na afyuni, ambayo wazee wa pwani waliiita kasumba. Siku hizi neno hilo twalitumia kwa fikra mbovu zilizomganda mtu, wala hatukukosea. Kwa miaka mingi sehemu kubwa yake imetoka Afghanistan na kuvushwa baharini kwa majahazi. Ilianza kuingia Unguja na Dar es Salaam miaka ya 1980, ikivutwa kwa moshi. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 wengi wakaanza kujidunga sindano, na virusi vya Ukimwi na homa ya ini vikapata njia.

Mwili ukizoea unga, haukai bila huo. Saa 6 hadi 12 baada ya kete ya mwisho huanza arosto: kamasi, jasho, matumbo kukatika, mifupa kuuma, usingizi kukimbia. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi. Nguvu ya arosto twaweza kuipima kwa jambo lililoandikwa na watafiti mwaka 2005: pale Dar es Salaam, wanawake wasio na fedha ya kete walijidunga damu ya mwenzao aliyekwisha jidunga, wakitumaini unga kidogo uliomo ungewatuliza. Mtu anayefika hapo hatafuti starehe tena.

Sasa turudi kwenye swali. Arosto yenyewe huisha kwa kadiri ya juma moja, na mzazi humwona mwanawe anakula, analala, anacheka. Lakini hamu haijaondoka, na mwili umekwisha sahau kuhimili kipimo cha zamani. Akifunguliwa mlango akakutana na wenzake, akatumia kiasi kile kile alichozoea, pumzi hupungua mpaka ikakatika. Ndiyo maana siku zinazofuata kufungiwa, au kutoka gerezani, ni za hatari kuliko zile za mwanzo. Hatusemi haya kuwatisha akina mama. Tunasema kwa kuwa kufuli limewaua vijana ambao wazazi wao walidhani linawaokoa.

Iko dawa iitwayo methadoni. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011, kisha zikafuata Mwananyamala, Temeke na nyinginezo. Unguja ilianza mwaka 2015. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu, bila malipo, nayo huzuia arosto kwa muda wa siku nzima bila kumlevya. Wapo wanaosema huku ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Sisi hatukubali. Mwenye kisukari naye hudungwa kila siku, na hatumwiti teja.

Wengi huihitaji kwa miaka, si miezi. Basi mzazi aandae nauli ya kila siku na mtu wa kumsindikiza, hasa majuma ya mwanzo. Na asiikatishe dawa kwa sababu kijana amenenepa. Shauri hilo ni la mganga wa kliniki.