Kupima Bampa la Mtumba Kabla ya Kulinunua

Magari mengi yaendeshwayo nchini Tanzania na Kenya huagizwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Bampa likivunjika, mwenye gari aghalabu hununua jingine lililofunguliwa katika gari kuukuu. Akitaja dukani jina la gari tu, huenda akafika kwa fundi na kukuta matundu ya bolti hayakutani. Hapo hutobolewa matundu mapya, au bampa hufungwa kwa waya. Fedha zimepotea, na gari limebaki bila kinga iliyokusudiwa. Hasara hiyo yaweza kuzuiwa kwa futi ya kupimia na maarifa machache ya fizikia.

SEHEMU ZA BAMPA

Bampa la gari la kisasa kwa kawaida lina sehemu tatu. Ya nje ni gamba la plastiki, mara nyingi polipropilini. Nyuma yake huwapo povu gumu. Na nyuma ya povu upo mwamba wa chuma au alumini, uliofungwa kwenye ncha za fremu. Muuzaji aweza kuliita gamba peke yake bampa. Gari lisilo na mwamba huonekana zima, lakini pigo dogo hufika moja kwa moja kwenye rejeta.

Hata bampa kamili lina mpaka wake. Nishati ya mwendo ni nusu ya tungamo mara mraba wa kasi. Gari la kilogramu 1,000 liendalo kilometa 4 kwa saa lina nishati ya jouli 620 hivi. Kasi ikiwa kilometa 40 kwa saa, nishati huwa mara 100 zaidi, yaani jouli 62,000 hivi. Kwa hiyo hapana sababu ya kuipunguza kinga hiyo ndogo kwa waya.

JINA SI KIPIMO

Jina moja hubeba maumbo mengi. Toyota Corolla ya E100 ilitokea Japani mwaka 1991, na ile ya E110 mwaka 1995. Zote ni Corolla, lakini bampa la moja halikutengenezwa kwa ajili ya nyingine. Tena, umbo hilohilo huweza kubadilishwa sura ya mbele katikati ya miaka ya kuundwa kwake. Mnunuzi na aandike namba ya modeli iliyo kwenye kibati cha gari, pamoja na mwaka wa kuundwa.

NAMNA YA KUPIMA

Kwanza, hupimwa umbali kati ya matundu ya bolti. Matundu yakiwa sawa kwa ukubwa, hupimwa kutoka ukingo wa kushoto wa tundu moja hadi ukingo wa kushoto wa jingine. Umbali huo ni sawa na ule wa kati hadi kati.

Pili, hupimwa kutoka katikati ya bampa hadi kila pembe. Bampa lililaliwe wala lisivutwe, kwa kuwa plastiki hupinda.

Tatu, hukaguliwa upande wa ndani. Rangi mpya huficha ufa kwa nje, lakini kiraka huonekana nyuma. Masikio ya kufungia na nafasi za taa hulinganishwa na bampa la zamani.

Ikiwa bampa ni sahihi kwa namba na kwa vipimo, nalo halikai, yafaa kulipima gari lenyewe. Chini ya boneti hupimwa mishazari miwili kati ya alama zinazolingana kushoto na kulia. Mishazari ikitofautiana sana, huenda fremu imepinda katika ajali, na kosa si la bampa.

ATHARI YA JOTO

Polipropilini tupu hutanuka takriban sehemu 100 katika milioni kwa kila digrii ya Selsiasi. Chuma cha pua kisichochanganywa hutanuka sehemu 12 hivi. Gamba la meta 1.6 likiongezeka joto kwa digrii 30 hurefuka milimeta 4.8, na chuma cha urefu huo milimeta 0.6 tu. Ndiyo sababu baadhi ya matundu hufanywa marefu: si kasoro, bali ni nafasi ya kutanukia.

MAZOEZI

1. Tafuta nishati ya gari la kilogramu 1,200 liendalo kilometa 8 kwa saa.
2. Bampa la meta 1.5 lilipimwa juani kwa digrii 50. Litapungua kiasi gani kivulini kwa digrii 25?
3. Eleza kwa nini mishazari ya mstatili ni sawa, na ile ya msambamba wa mshazari si sawa.