Mahali na Mahari: Tusichanganye R na L

Hebu tusome barua hii. Tumeitunga wenyewe iwe mfano, lakini barua za namna hii zinaweza kuandikwa hapa Sitalike wakati wowote mahindi yakikaribia kukomaa.

"Mheshimiwa, naleta taarifa. Juzi usiku viboko wawili walitoka Mto Katuma wakaingia mahari pangu. Wamekura mahindi yote. Shamba liko mbari na mpaka wa hifadhi. Naomba msaada kwa ajiri ya watoto wangu."

Isomeni kwa sauti. Masikioni mwa wengi wetu haina kosa, sivyo? Sasa isomeni kwa macho, polepole. Mahari ni mali anayotoa mwanamume ili aoe. Mbari ni ukoo. Ajiri ni kumpa mtu kazi ya mshahara. Na hilo neno "wamekura" halimo kabisa katika Kiswahili. Basi huyu bwana ameandika kwamba viboko wameingia kwenye mahari yake, na kwamba shamba lake ni la ukoo mmoja na hifadhi!

Afisa mzoefu atacheka kidogo, kisha ataelewa. Lakini barua yenyewe si ya kuchekesha, maana ni chakula cha mwaka mzima kimekwenda. Serikali ina malipo yaitwayo kifuta jasho, kwa mkulima ambaye mazao yake yameharibiwa na wanyama wakali, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Kanuni za malipo hayo za mwaka 2011 zilitazama pia umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi. Kwa hiyo neno mbali lina uzito mkubwa katika barua ile, na ndilo lililoharibika. (Afadhali zaidi angetaja ni kilomita ngapi. Mbali ya mtu mmoja ni karibu ya mwingine.)

Tusione aibu. Kosa hili halitokani na ujinga. Lugha nyingi tulizokua nazo nyumbani hazitenganishi sauti hizi mbili. Kisukuma na Kinyamwezi, kwa mfano, vina l, havina r. Waingereza nao wana taabu yao. Jua la mbinguni na mtoto wa kiume wanavitaja kwa sauti moja, lakini jua huandika sun na mtoto huandika son. Watoto wao shuleni hukosea, tena sana. Pale ambapo sikio halioni tofauti, jicho halina budi kukumbuka.

Ulimi nao unaweza kufundishwa. Tamka l: ncha ya ulimi inagusa nyuma ya meno ya juu na kutulia hapo. Tamka r: ncha inatetemeka. Jaribu sasa: kula, kura, kula, kura. Usiku baada ya chakula, mmoja atamke na mwenzake aandike, kisha mbadilishane.

Ipo kanuni moja isiyodanganya. Vile vipande vidogo vinavyoonyesha wakati, au vinavyoonyesha kitu, huandikwa kwa l siku zote: alikuja, walipofika, shamba limeharibika, hili, lile. Ukiona "aripofika" au "shamba rimeharibika", jua ni kosa bila kuuliza mtu. Katika neno alirudi, l ni ya kile kipande cha wakati, na r ni ya rudi yenyewe.

Kwa maneno mengine, jamani, hakuna njia ya mkato. Yajifunze mawili mawili, ndani ya sentensi. Tangazo likisema kila mjumbe aje na karamu, basi kila mmoja abebe sufuria la pilau, maana karamu ni sherehe ya kula. Cha kuandikia ni kalamu. Na katibu wa mkutano awe mwangalifu kuliko wote. Akiandika katika muhtasari kwamba mwenyekiti "alipata kula nyingi", watu watauliza alikula nini, na fedha za nani. Aliyechaguliwa hupata kura.

ZOEZI

Kila sentensi ina kosa moja. Iandike upya katika daftari lako kabla ya kutazama majibu.

1. Mtoto anaumwa, hari yake si nzuri.
2. Ng'ombe wamerara zizini.
3. Mgeni ariondoka alfajiri.
4. Nauza fahari mmoja na mitamba wawili.
5. Tembo wamerudi polini.

Majibu: 1. hali (hari ni joto). 2. wamelala. 3. aliondoka. 4. fahali (fahari ni jambo la kujivunia, nalo haliuzwi mnadani). 5. porini.

Aliyekosa la tatu airudie ile kanuni ya vipande vidogo.