Nyiragongo: Mlima Unaotiririka na Hewa Isiyoonekana

Anayetoka Kasulu kwenda Kigoma huteremka kutoka nyanda za juu hadi Ziwa Tanganyika, na kwa kuteremka huko anaingia katika Bonde la Ufa, tawi la magharibi. Tawi hilo hilo linaendelea kaskazini kupitia Ziwa Kivu hadi milima ya Virunga, jirani na mji wa Goma, ulipo mlima Nyiragongo. Kwa Wakongo wengi waliopokewa katika kambi ya Nyarugusu tangu 1996, jina hilo si geni. Basi swali linakuja lenyewe: ikiwa ufa ni mmoja, mbona Goma kuna volkano na Kigoma hakuna?

Miamba iliyo chini ya ganda la dunia ina joto kali sana, lakini haiyeyuki kwa sababu imegandamizwa na uzito wa vyote vilivyo juu yake. Ganda linapovutwa pande mbili, milimita chache tu kwa mwaka, linakuwa jembamba. Miamba ya chini inapanda, mgandamizo unapungua, na sehemu yake inayeyuka. Uji huo ni magma. Ukitoka nje huitwa lava. Katika tawi letu magma imefika juu mahali pachache: Virunga, Kivu ya Kusini, magharibi mwa Uganda, na Rungwe kule Mbeya. Kwingineko ardhi imezama tu. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha takriban mita 1,470, limetokana na kuzama huko, na matetemeko hayakosi: lile la 5 Desemba 2005, lenye ukubwa wa 6.8, lilianzia ziwani humo.

Ndani ya magma mna gesi, kama soda iliyozibwa. Magma nzito yenye silika nyingi huibana gesi hadi mlima unalipuka. Ile ya Nyiragongo ina silika kidogo, hivyo ni majimaji na hukimbia. Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa mlima ulipasuka, na ziwa la lava lililokuwa kileleni likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya njia ya ndege, ikaharibu Kanisa Kuu na kuingia Ziwa Kivu. Jioni ya 22 Mei 2021 ilishuka tena, ikasimama Buhene, ukingoni mwa mji. Usiku ule maelfu walikimbilia Rwanda na Sake, na watoto wengi wakapotezana na wazazi wao.

Lakini lava huonekana. Kuna kinachoua bila kuonekana, nacho watu wa huko wanakiita mazuku, neno ambalo sasa wanasayansi wa volkano hulitumia hata ng'ambo. Ni hewa ya ukaa inayovuja ardhini. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama mabondeni na mashimoni, hasa alfajiri kabla ya upepo. Mbuzi anaanguka, mtoto anayemfuata anaanguka, na mtu mzima anayeinama kumwinua mtoto naye haamki. Maiti haina jeraha, na hapo ni rahisi sana majirani kuanza kumtafuta mchawi. Naona hili ni zito, na katekista au padre atakayefanya kazi huko inafaa alijue kabla ya kusimama mbele ya msiba wa namna hiyo. Mahali panapojulikana kuwa na mazuku mtoto halazwi chini, na mwokoaji haingii bila hewa yake mwenyewe.

Ziwa Kivu nalo limebeba gesi hiyo kwa wingi, takriban kilomita za ujazo 300, imeyeyuka katika maji ya kina. Ziwa dogo la Nyos nchini Kamerun liliitoa ghafla tarehe 21 Agosti 1986, na watu wapatao 1,700 wakafa. Kivu lina pia methani, ambayo Rwanda huivuta na kuzalishia umeme.

Moshi wa kileleni huunguza mazao, na maji ya mvua yanayokingwa mabatini yanaweza kuwa na floraidi inayoharibu meno ya watoto. Hata hivyo watu hurudi. Udongo wa volkano ya zamani unakubali maharage na viazi kuliko sehemu nyingi, na Goma yenyewe imejengwa upya juu ya lava ya 2002, kuta za nyumba zikiwa za mawe yale yale meusi yaliyozifunika zile za kwanza.