Mkono wa Daktari wa Meno Nao Huchoka

SOMO LA AFYA KAZINI

Mwananchi anapoketi kwenye kiti cha daktari wa meno, huwaza maumivu yake tu. Ni nadra kuwaza hali ya yule aliyeinama juu yake. Hata hivyo mhudumu huyo naye ana mzigo wake, na ukimzidi, huduma huzorota. Somo hili ni la madaktari wa meno, maafisa wa afya ya kinywa, wasaidizi wao na wasimamizi wa vituo. Mwananchi pia ana funzo lake mwishoni.

Msongo na uchovu wa kazi

Msongo ni namna mwili na akili vinavyoitikia shinikizo. Ukiwa wa muda mfupi si mbaya: humfanya daktari awe makini jino linapovunjika na mzizi kubaki ndani. Taabu huanza pale shinikizo lisipokoma. Mwaka 2019, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kwamba uchovu wa kazi si ugonjwa, bali ni hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukudhibitiwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuichukia, na kuona kwamba huifanyi vizuri tena.

Chanzo chake katika kliniki ya meno

Kazi hii hufanyika mahali padogo, penye giza na mate, na mgonjwa yuko macho. Mhudumu huinamisha shingo kwa muda mrefu. Mgongo na mabega huuma. Mgonjwa mwenye hofu hutetemeka, hufunga mdomo au hushika mkono wa daktari, na hofu hiyo humwambukiza anayemtibu. Kuna pia hatari ya kudungwa na sindano iliyotumika.

Lipo jingine lisilosemwa sana. Daktari wa meno amesomea kuokoa meno. Lakini wagonjwa wengi katika vituo vya umma huja wakiwa wamechelewa, shavu limevimba, baada ya miezi ya kumeza dawa za maumivu. Jino ambalo lingezibwa sasa halina budi kung'olewa. Kufanya hivyo siku baada ya siku, huku foleni ikiwa ndefu mlangoni, humkatisha tamaa hata mwenye moyo. Kumwambia mtu kama huyo ajikaze hakutoshi. Ni lazima mpangilio wa kazi nao uguswe.

Hatua kwa wasimamizi wa vituo

1. Tenganisheni wagonjwa wa dharura na wenye miadi tangu asubuhi, ili aliyekuja kuzibwa jino asisukumwe kesho kila mara.
2. Zungusheni kazi. Anayeng'oa meno leo, kesho apewe kuziba au kwenda kufundisha shuleni.
3. Daktari awe na msaidizi kando ya kiti. Vifaa vikipokezwa, mgongo hupumzika na muda huokolewa.
4. Likizo itolewe. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku 21 za kazi za likizo yenye malipo kila baada ya miezi 12.
5. Hakikisheni kila mhudumu amechanjwa dhidi ya homa ya ini aina ya B. Akidungwa na sindano, aripoti mara moja bila kulaumiwa. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinapaswa kuanzwa haraka, kabla ya saa 72 kupita.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri alinde usalama, afya na ustawi wa wote walio kazini.

Hatua kwa mhudumu

Rekebisha kiti kabla ya kuanza. Mlete mgonjwa kwenye urefu wako badala ya kumfuata kwa shingo. Kati ya mgonjwa mmoja na mwingine, simama, nyoosha mabega, tazama mbali, vuta pumzi polepole. Kubaliana na mgonjwa mwoga ishara ya mkono ya kukusimamisha. Akijua anaweza kukusimamisha, hutulia, nawe hutulia. Kunywa maji, na usile chakula cha mchana ukiwa umesimama.

Zungumza na mwenzako baada ya kazi ngumu. Ukikosa usingizi kwa majuma kadhaa, ukiwakaripia wagonjwa, au ukitegemea pombe au dawa ili utulie, muone mshauri nasaha au daktari. Kutibu wengine hakumzuii mtu kutibiwa.

Funzo kwa mwananchi

Usingoje uvimbe. Nenda kituoni jino linapoanza kuhisi baridi au tamu, fika kwa miadi yako, na ukiwa na hofu sema mapema. Utaokoa jino lako, na utampa daktari nafasi ya kufanya kazi aliyosomea.