Kutoka Ntalikwa hadi Katavi: fuata maji

Mtanzania akisema anakwenda kuona wanyama, aghalabu mawazo yake huenda Serengeti, Ngorongoro au Mikumi. Magharibi husahaulika. Lakini ukisimama Ntalikwa, kata ya mashambani ndani ya Manispaa ya Tabora, umesimama katikati ya nchi ya miombo inayoendelea hadi Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, na mbele zaidi hadi Katavi. Humo mna tembo, simba, nyati, viboko, na pia swala ambao kaskazini ni nadra kuwaona, na unaweza kuzunguka tangu asubuhi usikutane na gari jingine.

Ukitaka kuja huku, shika kanuni moja: fuata maji. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, zaidi ya kilomita elfu moja, ilipanga vituo vyake kwa kufuata visima na vijito. Msitu mkavu wa Mgunda Mkali, kati ya Ugogo na Unyamwezi, uliogopwa kwa sababu ya kiu. Wanyama nao hupanga maisha yao vivyo hivyo. Mgeni anayejua maji yako wapi na yatakauka lini amekwisha kumaliza nusu ya maandalizi.

Chagua mwezi kwanza

Mvua za Tabora huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Wakati huo kila bonde lina maji, kwa hiyo wanyama hutawanyika, nyasi hurefuka kumpita mtu, na udongo mweusi wa mbuga hugeuka tope linalonasa hata gari la magurudumu manne. Anayependa ndege atafurahi. Anayetaka tembo na simba asubiri.

Kiangazi huanza Mei. Juni na Julai hewa ni safi na usiku kuna baridi, kwa kuwa Tabora iko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Beba sweta. Kwa familia yenye watoto wa shule, likizo ya katikati ya mwaka ndiyo nafasi nzuri. Agosti nyasi zimelala au zimeungua na macho yanafika mbali. Septemba na Oktoba joto ni kali na vumbi ni jingi, lakini hapo ndipo maji yamebaki madimbwi machache na wanyama wote wameyazunguka. Mwenye nafasi ya kuja mara moja tu, aje kati ya Agosti na katikati ya Oktoba.

Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa na kalenda inayofanana na hii. Wengi walishuka pwani baada ya mavuno, wakati wa kiangazi, na kujitahidi kurudi kabla ya mvua ili wawahi kulima.

Kufika Tabora

Ndege za abiria zinatua Tabora kutoka Dar es Salaam, na hiyo ndiyo njia ya mwenye siku chache. Ya pili ni barabara. Tangu mwaka 2024 treni ya reli ya kisasa (SGR) inafika Dodoma, na kutoka hapo unaweza kupanda basi kupitia Manyoni na Itigi kwa lami. Ya tatu ni treni ya zamani ya reli ya kati. Reli hii ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kwa sehemu kubwa inakwenda sambamba na njia ya misafara. Ina mwendo wa taratibu na inaweza kuchelewa, basi usipange miadi ya asubuhi ileile unayotarajia kufika. Kata tiketi ya kulala mapema, na beba maji na chakula chako.

Siku ya mji na Kwihara

Usiipite Tabora mbio kuwahi porini. Ipe siku nzima, maana bila Tabora huwezi kuelewa nchi unayokwenda kuizunguka.

Asubuhi nenda Kwihara, mwendo mfupi kwa gari au bodaboda kutoka mjini. Pale pana tembe ambalo sasa ni makumbusho ya Livingstone: kuta nene za udongo, paa bapa, mlango wa mbao uliochongwa kwa mtindo wa pwani. Ingia ndani saa sita mchana uone jinsi kuta zile zinavyozuia joto. David Livingstone na Henry Morton Stanley walifika hapa pamoja kutoka Ujiji mwanzoni mwa 1872. Stanley akaondoka Machi kwenda pwani, Livingstone akabaki hadi Agosti akingoja wapagazi ambao Stanley aliahidi kumtumia. Aliondoka nao kuelekea kusini, akafa Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake Chuma na Susi, pamoja na wenzao, waliubeba mwili wake, wakapita tena Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, na kuufikisha Bagamoyo Februari 1874. Mwambie anayekuongoza akusimulie habari za wabebaji hao pia. Safari ile ilikuwa yao kama ilivyokuwa ya Mzungu, na ndio walioimaliza.

Muulize vilevile habari za watemi. Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, aliwahi kuifunga njia ya misafara na kuwatikisa wafanyabiashara Waarabu wa Tabora. Isike wa Unyanyembe alipambana na Wajerumani hadi Januari 1893, na boma lake lilipozidiwa akalipua baruti akiwa ndani.

Alasiri rudi mjini. Pita Shule ya Sekondari ya Wavulana Tabora, aliposoma Mwalimu Nyerere, na kumbuka kuwa ni katika mji huu, Januari 1958, chama cha TANU kilikubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alipaswa kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia, uamuzi uliofungua njia ya uhuru. Tazama pia miembe mikubwa iliyopo mjini na vijijini. Mingi ya zamani inahusishwa na misafara. Kabla ya kupiga picha boma la Wajerumani au jengo lolote la serikali, uliza kwanza.

Siku ya kijijini

Ntalikwa na kata nyingine za pembezoni si vituo vya utalii. Ni mahali watu wanapoishi na kulima mahindi, karanga, viazi vitamu na tumbaku. Ukitaka kutembelea, pitia ofisi ya mtendaji wa kata au kwa mwenyekiti wa kijiji, ujitambulishe na useme unataka kuona nini. Asubuhi ukimwambia mzee "Mwangaluka", na mchana "Mwadila", utaona uso wake unavyofunguka. Usipige picha ya mtu wala ya nyumba yake kabla hajakubali. Na kama umeongozwa au umelishwa, acha shukrani inayoeleweka. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kitu cha kuona kwa makini ni ufugaji wa nyuki. Mzinga wa jadi ni gome la mti lililobanduliwa zima na kurudishiwa umbo la bomba, mshono wake ukafungwa kwa vijiti, ncha zikazibwa kwa nyasi zilizosukwa, kisha ukatundikwa juu ya mti. Unachukua asali nzuri, lakini mti uliobanduliwa gome hufa. Ndiyo maana maafisa nyuki wanahimiza mizinga ya masanduku. Ukinunua asali, uliza kama haijachemshwa, imechujwa vipi na imetoka msitu gani. Ya nyuki wadogo wasiouma ni nyepesi, ina uchachu kidogo, na bei yake ni kubwa kwa sababu wengi huitumia kama dawa.

Nunua pia chakula cha njiani: karanga, michembe na matobolwa. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vibichi. Matobolwa huchemshwa kwanza ndipo yakaanikwa. Vyote vinakaa muda mrefu bila jokofu. Kipande cha tobolwa mdomoni kitakufikisha mbali zaidi kuliko soda.

Ugalla: pori la mto

Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla iko kusini-magharibi mwa Mkoa wa Tabora na ina zaidi ya kilomita za mraba 3,800. Ilikuwa pori la akiba hadi 2019 ilipopandishwa hadhi. Mto wenyewe unapeleka maji Malagarasi, na Malagarasi unamwagika Ziwa Tanganyika. Kiangazi kikikolea mto huacha kutiririka na kubaki mabwawa yaliyoachana. Viboko na mamba hubanana humo, na tembo, nyati, kuro na tohe hushuka kunywa. Ukiegesha gari kwa utulivu karibu na bwawa moja asubuhi yote, utaona mengi kuliko anayezunguka huku na huko. Msituni wanyama hujificha nyuma ya miti, kwa hiyo mwache dereva apunguze mwendo: huko ndiko waliko palahala na korongo, swala wakubwa wa miombo wenye pembe zilizopinda nyuma.

Usitarajie hoteli ndani ya hifadhi. Wasiliana na Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) kabla ya kuondoka Tabora uulize hali ya barabara, lango la kuingilia na mahali pa kupiga kambi. Beba hema, maji ya kunywa ya siku zote, chakula, tairi la akiba na mafuta ya kwenda na kurudi. Simu hazishiki kila mahali, hivyo mwachie mtu wa mjini ratiba yako.

Katavi: tambarare na viboko

Ukiwa na siku za kutosha, endelea hadi Katavi. Barabara inapita Sikonge, Ipole na Inyonga hadi Mpanda, zaidi ya kilomita 300. Eneo la Ipole lina jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori inayosimamiwa na vijiji vyenyewe, kwa hiyo usidhani pori unalolipita halina mwenyewe. Kuna pia treni ya tawi la Mpanda, inayochepuka Kaliua.

Katavi ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1974, ikapanuliwa 1998, na leo ina kilomita za mraba 4,471. Lango linalotumika sana ni Sitalike, kusini mwa Mpanda. Hapo Mto Katuma unapita, na hata kabla hujalipa kiingilio unaweza kuwaona viboko wamelaliana kwenye tope. Ndani kuna tambarare ya Katisunga na maziwa ya msimu, Katavi na Chada, ambayo kiangazi huwa majani matupu yenye makundi ya nyati, pundamilia na nyamera. Karibu na Ziwa Katavi upo mkwaju ambao wenyeji wanauheshimu kama makazi ya roho ya Katabi, mwindaji ambaye hifadhi imepata jina lake kwake. Uheshimu nawe.

Sitalike na Mpanda kuna malazi ya bei ya kawaida. Kambi za kifahari zilizo ndani ya hifadhi bei yake ni ya juu sana, na wageni wake wengi hufika kwa ndege ndogo.

Ndorobo, malaria na mavazi

Ndorobo ni wengi miombo yote. Huuma hata juu ya nguo, na wanaweza kueneza malale. Wanavutwa na rangi ya bluu na nyeusi, basi vaa kaki, kahawia au kijani kilichopauka, mikono mirefu, kitambaa kizito. Dawa za kupaka zinazofukuza mbu haziwazuii sana. Madereva wa Katavi huwasha kinyesi kikavu cha tembo ndani ya kopo na kukiacha kifuke moshi nyuma ya gari. Njia hii inasaidia. Usivae nguo zenye madoa ya kijeshi. Nchini kwetu haziruhusiwi kwa raia. Malaria ipo: lala ndani ya chandarua, na zungumza na daktari kuhusu dawa ya kinga kama unatoka mahali pasipo na ugonjwa huo. Homa yoyote baada ya safari, pima, na umwambie daktari kuwa umeng'atwa na ndorobo.

Gharama na adabu

Mtanzania hulipa kiingilio kwa shilingi, kiasi kidogo sana ukilinganisha na mgeni wa nje, mradi awe na kitambulisho. Malipo hayapokelewi kwa fedha taslimu langoni; unapewa namba ya kumbukumbu na kulipa kwa benki au simu, kwa hiyo lipa ungali mahali penye mtandao. Kinachokula fedha hasa ni gari na mafuta. Jikusanyeni watu watano au sita, mgawane gari moja lenye dereva anayeijua njia. Patana kabla: siku ngapi, nani anaweka mafuta, dereva anakula na kulala wapi.

Ndani ya hifadhi usishuke garini pasipo ruhusa, usitoke nje ya barabara, usipige muziki, na uwe kambini kabla ya giza. Usinunue nyama ya porini inayouzwa kwa kificho, hata kwa bei ya kutupa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, basi beba kikapu.

Mgawanyo wa siku

Mwenye siku tatu: moja ya mji na Kwihara, moja ya kijijini, moja ya kupumzika na kurudi. Mwenye siku tano aongeze mbili za Ugalla. Mwenye siku nane aende hadi Katavi, alale huko usiku tatu, na arudi kwa barabara au aunganishe usafiri Mpanda. Kubana yote haya katika wikiendi ni kununua uchovu.

Hifadhi za magharibi zinapokea wageni wachache, na pori lisilo na wageni hukosa watu wa kulitetea pale shoka, ng'ombe na bunduki vinapolisogelea. Kila gari linaloingia Ugalla kwa kibali ni sababu moja zaidi ya kuuacha mto ule na miti yake. Kaa na familia yako leo, mchague wiki moja kati ya Agosti na Oktoba, mpige simu TANAPA, na muanze kuweka akiba ya mafuta.