KUHUDHURISHA MOYO KATIKATI YA SHUGHULI

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyiezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baadu:

Ndugu zetu wenye maduka, na mabaharia, na mafundi, hutuuliza mara nyingi: "Maalimu, kumdhukuru Mungu kwa moyo uliotulia ni kazi ya wenye nafasi. Sisi twaamka kabla ya jua, na usiku twalala tumechoka. Tutaipata wapi saa ya kukaa na kutafakari?" Swali hili lataka jawabu, kwani mwenye kungoja nafasi hata mauti yakamkuta amepata khasara isiyolipika.

Jueni ya kuwa Mwenyiezi Mungu hakumwamrisha mfanya biashara aitupe biashara yake. Katika Suratil Jumua, aya ya 9 na ya 10, ameamuru tuache kuuza inapoadhiniwa sala ya Ijumaa. Na sala ikisha, tutawanyike katika ardhi, tutafute fadhila zake, na tumkumbuke sana. Tazameni: kukumbuka sana kumetajwa hapo penye kutawanyika. Na katika Suratin Nur, aya ya 37, amewasifu wanaume ambao biashara haiwasahaulishi kumkumbuka. Hakuwasifu kwa kuwa hawana biashara.

Basi saa tunazo. Kilichopotea ni moyo. Nami sisemi haya kwa kujitoa. Siku moja nilikuwa nikisali Alasiri peke yangu, na fikira zangu zote ziko katika deni la mabati ya chuo. Nikasimama, nisijue kama hiyo ni rakaa ya tatu au ya nne. Nikafanya kama tulivyofunzwa: nikashika iliyo chache, nikatimiza, nikasujudu sijida mbili za kusahau kabla ya salamu. Sala ilisihi. Lakini nilipokaa juu ya msala nilijiuliza: rakaa nimezitengeneza, je, moyo ulikuwapo katika hata moja ya hizo? Tangu siku hiyo nimezishika sehemu nne, ambazo sheria imekwisha kutuwekea sisi wenye shughuli.

Ya kwanza ni takbira ya kuhirimia. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii nia ni nguzo, na mahali pake ni moyoni, nayo yatakiwa iwe pamoja na takbira. Maana yake, mara tano killa siku mwenye kazi nyingi kupita wote hulazimika kuuleta moyo wake, japo kwa kadiri ya neno moja. Usiinue mikono hali wahesabu fedha. Simama kidogo, pumzi itue, umjue unayesimama mbele yake, ndipo useme Allahu Akbar.

Ya pili ni utulivu wa rukuu, na itidali, na sijida, na kitako baina ya sijida mbili. Viungo na vitue kadiri ya kusema Subhanallah mara moja. Utulivu huu ni faradhi, wala si pambo. Na Mtume ametukataza kudonoa kama kunguru. Mwili ukitulia, moyo hupata pa kukaa.

Ya tatu ni kazini. Imamu Nawawi ameeleza katika kitabu chake Al-Adhkar ya kuwa dhikri iliyo bora ni ya ulimi na moyo pamoja. Na ikiwa ni kimoja tu, basi moyo ni bora. Kwa hiyo muuza mchele anayekumbuka kuwa Mungu amwona, akauzuia mkono wake usipunje mizani, huyo yumo katika dhikri, na mteja wake hana khabari.

Ya nne ni kitandani. Bibi Fatma alikuwa na mikono iliyoumizwa na jiwe la kusagia, akaenda kwa baba yake kutaka mtumishi. Mtume akamfundisha yeye na mumewe, wakilala, walete Subhanallah mara 33, na Alhamdulillahi mara 33, na Allahu Akbar mara 34, akawaambia kuwa hayo ni bora kwao kuliko mtumishi. Hakuwaambia wangoje kazi zipungue. Kisha funga hesabu. Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 505 wa Hijra (1111), ameifananisha nafsi na mshirika wa biashara: asubuhi huwekewa sharti, mchana huangaliwa, na jioni huhesabiwa. Wewe hulali bila kujua duka limeingiza nini. Basi walalaje usijue siku yako imeingiza nini?

Msizishike zote kwa siku moja, mkachoka, mkaziacha. Mtume ametufunza ya kuwa amali ipendezayo zaidi mbele ya Mungu ni ile ya kudumu, ijapokuwa ni chache. Anza na takbira ya sala inayokuja.

Mwenyiezi Mungu atuhudhurishie nyoyo zetu kabla hatujahudhurishwa mbele yake. Amin.